Foleni ya Loliondo na hesabu ambayo ubongo hauifanyi

Mwanzoni mwa 2011, barabara ya vumbi inayotoka Mto wa Mbu kwenda Loliondo iligeuka kuwa moja ya barabara zenye msongamano mkubwa Tanzania. Land Cruiser, mabasi, malori yaliyofungwa turubai na hata helikopta, vyote vilikuwa vikielekea kijiji kimoja, Samunge. Huko mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akigawa dawa ya kunywa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga. Bei ilikuwa shilingi 500 kwa kikombe, na unakunywa kimoja tu, basi. Babu, kama kila mtu alivyomwita, alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni, na kwamba inaponya Ukimwi, kisukari, saratani, pumu na shinikizo la damu. Watu walitoka Kenya, Uganda na mbali zaidi. Foleni ya magari ilifikia urefu wa kilometa nyingi, na wagonjwa wengine walilala humo siku kadhaa. Ikafika mahali Babu mwenyewe akaomba watu wasiendelee kuja kwanza, ili waliokwisha kufika wahudumiwe.

Leo ni rahisi kucheka. Ila waliokaa kwenye foleni ile hawakuwa watu wa aina moja. Walikuwemo wakulima na wafugaji, na walikuwemo walimu, wafanyabiashara, maofisa na mawaziri. Kwa hiyo maelezo ya kwamba "watu wetu hawajasoma" hayatoshi, na kwa maoni yangu yanatupeleka njia isiyo yake. La kujiuliza ni jinsi ubongo mzima, uliozoea kupiga hesabu za faida na hasara kila siku, unavyoweza kufikia uhakika mkubwa kwa ushahidi mdogo namna ile. Jibu ninaloliona, baada ya kusoma kazi za wanasaikolojia kwa muda, ni hili: ubongo huamua kwa kutumia kile kilichofika mbele yake, na hauna desturi ya kuuliza ni nini ambacho hakikufika.

Habari za Samunge zilisafiri kwa shuhuda. Mtu anapiga simu: shemeji yake alikunywa, akapima sukari, imeshuka. Mwingine kwenye daladala anasimulia habari za mama mkwe aliyekuwa hawezi kusimama na sasa anakwenda sokoni. Sina sababu ya kudhani kwamba watu hao walidanganya. Shida ni kwamba, ili ujue kama dawa inaponya, unahitaji kuwaona watu wa makundi manne: waliokunywa wakapona, waliokunywa wasipone, ambao hawakunywa wakapona, na ambao hawakunywa wasipone. Kundi la kwanza lina furaha, lina sauti na lina muda wa maongezi. La pili liko kitandani, au limeshazikwa, na wafiwa hawapigi simu redioni kutangaza kwamba kikombe hakikufanya kazi. Wana msiba. La tatu hata halijui kwamba ni kundi. Mtu aliyebaki Mwanza na presha yake, ikashuka yenyewe mwezi wa nne, hana habari kwamba yeye ni ushahidi muhimu kuliko shemeji wa kwenye simu. Na kundi la nne hakuna anayelihoji, maana hakuna kilichotokea.

Kasoro hii ni kongwe. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, alisimulia kisa cha Diagoras, mtu aliyejulikana kwa kutoiamini miungu. Rafiki yake alimwonyesha picha nyingi zilizowekwa na watu walioweka nadhiri baharini wakanusurika na dhoruba. Diagoras akajibu kwamba hakuna popote palipochorwa picha za waliozama. Hiyo ndiyo hesabu ninayoizungumzia, na ajabu yake ni kwamba ukishaonyeshwa unaielewa mara moja. Hakuna mtoto wa darasa la saba atakayeshindwa kuifuata. Lakini haiji yenyewe kichwani.

Tuseme sasa tumejitahidi, tukawapata hata wale waliokunywa wasipone, na bado wengi waliokunywa wanasema wamepata nafuu. Je, hapo tuna ushahidi? Bado. Hapa kuna mtego mwingine, na huu ni mgumu zaidi kuuona.

Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia Daniel Kahneman alikuwa akiwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israeli. Aliwaeleza kwamba sifa humfundisha mtu kuliko makaripio. Mkufunzi mmoja mzoefu akampinga mbele ya wote: yeye kila akimsifu mwanafunzi kwa kuruka vizuri, safari inayofuata mwanafunzi huboronga, na kila akimfokea aliyeboronga, safari inayofuata huyo hufanya vizuri. Alichokiona kilikuwa kweli, alikuwa amekishuhudia kwa macho yake miaka na miaka. Kahneman akachora alama sakafuni kwa chaki, akawaambia wakufunzi wote waipe mgongo na kurusha sarafu mbili mbili nyuma yao bila kuangalia. Wakapima umbali. Wengi waliorusha vizuri mara ya kwanza walifanya vibaya mara ya pili, na waliokosea sana mara ya kwanza walisogea karibu na alama. Hakuna aliyesifiwa wala kufokewa.

Kinachotokea hapo ni kurejea wastani. Kitu chochote kinachopanda na kushuka kwa sehemu kwa bahati, ukikikamata kikiwa kwenye kilele au kwenye shimo, kipimo kinachofuata kwa kawaida kitakuwa karibu zaidi na hali yake ya siku zote. Mkufunzi alikuwa akitoa sifa kwenye kilele na makaripio kwenye shimo, kisha akaupa ulimi wake heshima ambayo ilikuwa ya hesabu. (Fikiria ni wazazi na walimu wangapi wameishi na fundisho hilo: sifa zinaharibu, fimbo inajenga. Dunia yenyewe inawapa ushahidi kila wiki.)

Sasa rudi kwenye ugonjwa. Presha hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Sukari hivyo hivyo. Pumu ina miezi yake, maumivu ya viungo yana wiki mbaya na wiki nzuri. Ni lini mtu huuza mbuzi, akaazima nauli, akapanda gari kuvuka tambarare zile mpaka Samunge? Si wiki ambayo anajisikia vizuri. Anakwenda akiwa shimoni. Kwa maradhi ya namna hiyo, kokote ambako angekwenda siku hiyo, hata kwa shangazi yake kunywa chai, uwezekano mkubwa ulikuwa kwamba wiki mbili baadaye angejisikia nafuu. Lakini alikunywa kikombe, akapata nafuu, na vitu viwili vikifuatana hivyo ubongo haupepesi macho: cha kwanza kimeleta cha pili.

Kwa nini umejengwa hivyo? Sehemu ya jibu ni gharama. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake zote. Chombo cha ghali kiasi hicho hakiwezi kuchambua kila kitu kuanzia mwanzo. Kinakisia, kinajaza mapengo, kinasonga mbele.

Na kujaza mapengo unaweza kukushuhudia mwenyewe sasa hivi. Chukua karatasi nyeupe, chora msalaba mdogo upande wa kushoto, na nukta nene upande wa kulia, zikiachana kama sentimeta 8. Funga jicho la kushoto, kaza jicho la kulia kwenye msalaba, kisha sogeza karatasi polepole kuelekea usoni. Kwenye umbali wa kama sentimeta 30 nukta itapotea. Inapotea kwa sababu kila jicho lina mahali ambapo mshipa wa fahamu unatokea kwenda kwenye ubongo, na hapo hakuna chembe za kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aligundua jambo hilo katika miaka ya 1660. Ila angalia kwa makini palipokuwa na nukta: huoni shimo wala giza, unaona karatasi nyeupe. Ubongo umepaka rangi ya jirani na hukuarifiwa. Umeishi na tundu hilo maisha yako yote bila kulihisi.

Sehemu ya pili ya jibu ni kwamba makosa hayana bei moja. Waswahili wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hiyo kwa kawaida hutumika kumtania mwoga, lakini kihesabu mwoga yule ana haki. Kuruka mara mia kwa sababu ya ung'ongo ni hasara ya jasho tu. Kutoruka mara moja ambapo kweli ni nyoka ni hasara ya uhai. Kiumbe anayeona uhusiano hata pale usipokuwepo aliacha watoto wengi kuliko mwenzake aliyesubiri ushahidi kamili. Sisi ni wajukuu wa walioruka.

Kwa hoja hiyo hiyo lazima niwe mwadilifu kwa watu wa foleni. Mtu mwenye ugonjwa ambao hospitali imemwambia hautibiki, akasikia kuna kikombe cha shilingi 500, akaamua kujaribu, huyo hajakosa akili. Nauli na usumbufu vilikuwa vikubwa, ndiyo, lakini anachokitafuta ni maisha. Kosa lilikuja kwenye hatua ya pili. Wapo waliokunywa kikombe kisha wakaacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, na madaktari walilalamikia jambo hilo. Hapo mtu hachezi tena bahati nasibu ya bei nafuu. Anatoa kitu kinachofanya kazi kwa ajili ya kitu kinachosimuliwa.

Na angalia jinsi mwili wenyewe unavyoshirikiana na kosa. Dawa nyingi za wakati ule zilikuwa na madhara yake: kichefuchefu, ganzi, miguu kuwaka moto. Mtu akiziacha, wiki za kwanza anaweza kujisikia vizuri kuliko alivyokuwa akizimeza. Virusi hurudi kuzaliana kwenye damu ndani ya wiki chache, lakini havipigi hodi, na inaweza kupita miezi mingi kabla ya kuanza kuugua. Kwa hiyo ushahidi wa karibu unasema "nimepona", na ushahidi wa kweli unachelewa kiasi kwamba ukifika hauunganishwi tena na uamuzi wa mwezi wa tatu. Utaunganishwa na malaria, na uchovu wa kazi, na jirani mwenye jicho baya.

Ubongo haukosi cha kuunganisha, na hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote nilipolisoma mara ya kwanza. Katika miaka ya 1970, Michael Gazzaniga na Joseph LeDoux wa Marekani walifanya majaribio na mgonjwa wa kifafa aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa kukata kamba nene ya neva inayounganisha nusu mbili za ubongo. Upasuaji huo ulipunguza degedege, na uliacha kila nusu isijue mwenzake anaona nini. Nusu ya kushoto, yenye kusema, ilionyeshwa ukucha wa kuku. Ya kulia, isiyoweza kusema, ilionyeshwa nyumba iliyozungukwa na theluji. Kisha akaambiwa achague, kati ya picha zilizo mbele yake, zile zinazoendana na alichokiona. Mkono wa kulia, unaoongozwa na nusu ya kushoto, ukachagua kuku. Mkono wa kushoto ukachagua koleo, kifaa cha kuzolea theluji. Sawa kabisa mpaka hapo.

Akaulizwa kwa nini amechagua koleo. Sasa anayejibu ni nusu yenye kusema, na nusu hiyo haikuiona theluji. Jibu la haki lingekuwa "sijui". Badala yake alijibu palepale, bila kusita: ukucha unaendana na kuku, na koleo linahitajika kusafishia banda la kuku. Hakuwa anadanganya. Aliamini. Gazzaniga aliita sehemu hiyo mfasiri, na hoja yake ni kwamba kila mmoja wetu anaye mfasiri huyo hata bila kupasuliwa kichwa. Kazi yake ni kutoa sababu za yale tuliyokwisha kuyatenda au kuyahisi, na anazitoa kwa sauti ya uhakika ule ule, awe na habari au asiwe nazo.

Ukimjua mfasiri huyu, unaelewa kwa nini imani ya kikombe haikuvunjika hata pale mtu wa karibu alipofariki. Sababu zilikuwa tele: amekwenda amechelewa, hakuwa na imani ya kutosha, alirudia pombe njiani. Kila moja inaingia akilini. Mkiwa wengi mnaosaidiana kuzitunga, zinaingia zaidi. Na wingi wenyewe ulikuwa hoja: foleni ndefu kiasi kile haiwezi kuwa ya bure, mtu alisema, akajiunga nayo, akaiongeza urefu kwa ajili ya anayefuata.

Wengi wakifika hapa husema dawa ni elimu: wafundishe watu makosa haya na yataisha. Ningependa iwe hivyo. Mwaka 1971 Kahneman na mwenzake Amos Tversky walichapisha utafiti kuonyesha kwamba hata watafiti wenye mafunzo ya takwimu huamini kupita kiasi matokeo yanayotokana na watu wachache. Kahneman akapata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mwaka 2011 akatoa kitabu kilichosomwa dunia nzima, na sura moja ndani yake ikaegemea majaribio juu ya jinsi maneno na picha ndogo zinavyosukuma tabia zetu bila sisi kujua. Majaribio mengi ya aina hiyo yaliporudiwa na wengine, matokeo hayakuonekana tena. Mwaka 2017 Kahneman alikiri hadharani kwamba alitegemea tafiti zenye watu wachache mno, kosa lile lile aliloliandika yeye mwenyewe miaka zaidi ya 40 kabla. Sijui mfano mwingine ulio wazi kuliko huo, wa kwamba kulijua kosa na kuliepuka ni mambo mawili tofauti. Hata karatasi ya nukta: umeshaelezwa kila kitu, rudia tena uone kama tundu litajitokeza.

Waliofanikiwa walifanya kitu kingine. Waliitoa hesabu nje ya kichwa na kuiweka mezani, mahali ambapo mfasiri hana kura. Mwaka 1747 daktari James Lind, ndani ya meli ya kivita ya Uingereza, Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 waliokuwa na kiseyeye, wote wakiwa na hali inayofanana, akawagawa wawili wawili na kuwapa matibabu sita tofauti: siki, maji ya bahari, pombe ya matufaha na kadhalika. Wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu ndani ya siku chache. Kila moja ya tiba zile ilikuwa na watu wake wa kuisifia. Kilichokuwa kipya ni kuziweka ubavuni kwa ubavuni, zianze siku moja. Hata hivyo jeshi la maji la Uingereza lilianza kugawa maji ya limau rasmi mwaka 1795 tu, karibu nusu karne baadaye. Hesabu sahihi haina miguu ya ushuhuda.

Mfano wa nyumbani ni chanjo ya malaria ya RTS,S. Kuanzia 2009 hadi 2014 ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe kwa upande wa Tanzania, na Kilifi, Kombewa na Siaya kwa upande wa Kenya. Watoto waligawanywa kwa kura. Wengine walipata chanjo hiyo, wengine wakapata chanjo ya ugonjwa tofauti. Wale wa miezi 5 hadi 17, kwa mfano, walipewa ya kichaa cha mbwa. Wazazi hawakuambiwa mtoto yuko kundi gani. Katika umri huo, waliopata dozi nne walikuwa na visa vya malaria pungufu kwa asilimia 36 katika takriban miaka minne. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi yake mapana Oktoba 2021.

Asilimia 36 ni maelfu kwa maelfu ya homa ambazo hazikutokea. Lakini jiweke kwenye nafasi ya mama wa Korogwe. Mwanawe amechanjwa, na mwaka ule ameugua malaria mara mbili. Bila chanjo pengine angeugua mara tatu. Hiyo ya tatu haikuja, haina tarehe, hakuna usiku aliokesha kwa ajili yake, wala hawezi kumsimulia jirani. Alichonacho mkononi ni homa mbili baada ya sindano nne, na akisema kibarazani kwamba chanjo haifanyi kazi, atakuwa anaeleza kwa ukweli kila alichokiona. Muuguzi atakayembishia kwa kumwita mjinga atamkosa. Atakayefungua daftari la zahanati na kumwonyesha ni watoto wangapi wa kijiji kile walilazwa mwaka kabla ya chanjo na mwaka baada yake, pengine ana pa kuanzia.